Kivuko cha Kilifi, dishi za Malindi na kadi ya mtandao: historia iliyojificha kwenye mipangilio ya seva

Leo hatuandiki programu. Leo nataka tuingie kwenye ule ukurasa ambao wengi wetu tunaufungua, tunaukodolea macho, kisha tunaufunga polepole kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Nasema ukurasa wa mipangilio ya ziada ya kadi ya mtandao kwenye seva. Kwenye Windows unaupata ndani ya sifa za kadi yenyewe. Kwenye Linux hakuna ukurasa, kuna programu inaitwa ethtool, lakini mambo ni yale yale: spidi na dupleksi, udhibiti wa mtiririko, jumbo fremu, kupunguza usumbufu wa prosesa, kuikabidhi kadi kazi ya kukata pakiti, na kadhalika. (Mwalimu wangu wa Kiswahili angetaka niseme "tarakilishi" mahali fulani hapa. Nimeshasema, tuendelee.)

Ushauri unaotolewa siku zote ni kwamba usiguse kama hujui. Ni ushauri mzuri, ila haukufanyi ujue. Mimi naona njia rahisi ya kuuelewa ukurasa ule ni kuusoma kama unavyotembea kwenye magofu ya Gede: ukuta huu ni wa enzi hii, kisima kile ni cha enzi nyingine. Kila kipengele kiliwekwa na watu waliokuwa na shida halisi katika mwaka fulani. Shida nyingine zimekwisha na kipengele kimebaki. Na sisi watu wa Malindi na Kilifi tuna sababu yetu ya pekee ya kuijua historia hii, maana sehemu yake imepita juu ya vichwa vyetu. Nitaeleza.

Tuanze visiwani, lakini si Lamu. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio. Mtandao wao uliitwa ALOHA, na kanuni yake ilikuwa ya kiungwana sana: ukiwa na la kusema, sema. Ukigongana na mwenzako, nyamazeni wote wawili, kila mmoja asubiri muda wa kubahatisha, kisha ajaribu tena. Miaka miwili baadaye, 1973, Robert Metcalfe akiwa maabara ya Xerox huko California aliichukua fikra hiyo, yeye na David Boggs wakaitia ndani ya kebo. Ndiyo ikawa etheneti. Spidi ya kwanza ilikuwa megabiti 2.94 kwa sekunde. Metcalfe aliongeza adabu moja muhimu: sikiliza kwanza kama kuna anayezungumza.

Kebo ilikuwa moja na wote wakiitumia. Kwa hiyo kadi haikuweza kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Hii ndiyo nusu dupleksi, na mtu wa Kilifi hahitaji mchoro kuielewa. Waulize wazee kuhusu kivuko. Kabla ya daraja la Kilifi kukamilika mwaka 1991, aliyetoka Mombasa kwenda Malindi alifika kwenye mkono wa bahari akapanga foleni. Kivuko kikija upande huu, upande ule wanangoja. Kikienda upande ule, huku mnangoja. Hata uwe na gari la kasi namna gani, kasi yako ni ya kivuko. Daraja lilipofunguliwa, wa kwenda wakaenda na wa kurudi wakarudi, na hakuna aliyehitaji kumsikiliza mwenzake. Hiyo ni dupleksi kamili.

Daraja la etheneti lilijengwa karibu wakati ule ule. Mwaka 1990 kampuni ya Marekani iitwayo Kalpana ilitoa swichi ya kwanza ya etheneti, kifaa kinachompa kila mtu njia yake badala ya kugombania kebo moja. Dupleksi kamili yenyewe iliandikwa rasmi kwenye viwango vya IEEE mwaka 1997. Kiwango hicho hicho ndicho kilicholeta udhibiti wa mtiririko, ule ujumbe wa "ngoja kidogo, nimejaa" ambao kadi huituma kwa swichi. Mimi kwa kawaida huuzima kwenye seva zenye kazi nyingi, kwa sababu haumsimamishi msumbufu peke yake, unasimamisha kila kinachopita kwenye waya ule.

Sasa hapa katikati ndipo ulipozaliwa ugonjwa ambao mpaka leo unatibiwa vibaya. Mwaka 1995, etheneti ya megabiti 100 ilipokuja, vifaa vilipewa uwezo wa kukubaliana vyenyewe: kadi na swichi zinaulizana "wewe unaweza nini?" na kuchagua lililo bora kwa wote wawili. Ndio huo mpangilio wa Auto. Kwa bahati mbaya vifaa vya miaka ile ya mwanzo havikuelewana vizuri, hasa vikiwa vya watengenezaji tofauti. Mafundi wakachoka. Wakaweka kwa mkono: 100, dupleksi kamili, basi. Na walikuwa na haki.

Tatizo ni kwamba ukiweka kwa mkono upande mmoja na kuacha Auto upande wa pili, upande wa Auto unauliza na hajibiwi. Spidi anaweza kuitambua kutokana na mawimbi yenyewe. Dupleksi hawezi. Na kanuni inasema, ukikosa jibu, chukua nusu. Unapata basi upande mmoja unaoendesha kama uko darajani na upande mwingine unaongoja kivuko. Dalili zake zinachanganya: ping inapita vizuri kabisa, barua pepe fupi zinakwenda, lakini ukianza kunakili faili kubwa kila kitu kinakwama. Mwenye ofisi atakwambia "mtandao uko sawa, seva ndiyo mbovu". Ukiona hivyo, angalia dupleksi kabla hujalaumu kitu kingine. Tangu etheneti ya gigabiti kwenye waya wa shaba ilipopitishwa mwaka 1999, makubaliano ya Auto ni sehemu ya lazima ya kiwango. Kwa hiyo leo jibu ni Auto pande zote mbili, na anayekwambia "seva lazima iwekwe kwa mkono" anakupa ushauri wa 1996.

Nafungua mabano marefu hapa kwa sababu ya pwani yetu. Gigabiti hutumia jozi zote nne za waya ndani ya kebo. Megabiti 100 hutumia jozi mbili tu. Sasa fikiria hewa ya Gongoni na Ngomeni, mahali ambapo chumvi inatengenezwa kwa kuiacha bahari ikauke juani. Hewa hiyo hiyo inaingia kwenye vichwa vya kebo. Pini moja ikila kutu, kadi nyingi haziachi kufanya kazi, zinajaribu gigabiti, zinashindwa, zinateremka hadi 100 bila kupiga kelele. Hakuna taa nyekundu. Kwa hiyo kila ninapoingia kwenye chumba cha seva karibu na bahari, amri yangu ya kwanza ni ethtool na jina la kadi, nisome mstari wa spidi. Ikisema 100 kwenye kadi ya gigabiti, sigusi mpangilio wowote. Nabadilisha kebo ya shilingi mia chache.

Mipangilio mingine mingi inatokana na ugomvi tofauti: kadi zilikua haraka kuliko prosesa. Zamani kila pakiti ilipoingia, kadi ilimgutusha prosesa: "mzigo umefika!" Kwa gigabiti yenye pakiti za ukubwa wa kawaida wa baiti 1,500, hizo ni pakiti zaidi ya 81,000 kila sekunde. Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walionyesha mwaka 1996 kwamba mashine inaweza kufikia hali ambapo inagutushwa mfululizo hadi haifanyi kazi yoyote nyingine, yaani iko hai lakini haiendi mbele. Dawa ni ile ya matatu ya Malindi pale stendi: usiondoke na abiria mmoja, ngoja wajae. Kadi inakusanya pakiti kadhaa, kisha inamgutusha prosesa mara moja. Ndio mpangilio wa kupunguza usumbufu. Abiria wa kwanza anangoja zaidi, lakini mafuta yanaokolewa. Kwa seva ya faili, acha uwake. Kwa seva ya simu za sauti au ya hifadhidata yenye maswali madogo madogo mengi, unaweza kuupunguza, maana pale kila anayengoja anahesabu.

Kukabidhi kadi kazi ya kukata pakiti ni jambo la jamaa hiyo. Programu ina kilobaiti 64 za kutuma. Lazima zikatwe vipande kama 45 hivi. Prosesa anaweza kuvikata mwenyewe, au akampa kadi bunda zima aseme "kata wewe". Linux ilianza kuifanya kazi hii mwaka 2002 katika matoleo ya majaribio ya wakati huo. Upande wa Windows, mambo yaliharibika jina mwaka 2007. Kifurushi cha pili cha marekebisho cha Windows Server 2003 kiliwasha chenyewe mambo kadhaa ya namna hii, likiwemo lile la kuikabidhi kadi mazungumzo yote ya TCP tangu mwanzo hadi mwisho. Madereva ya kadi hayakuwa tayari. Miunganisho ilikatika ovyo, na mafundi wa dunia nzima wakajifunza somo moja: zima kila kitu! Baadaye Microsoft yenyewe iliachana na lile la TCP nzima. Lakini mazoea yamebaki, na leo bado unakutana na miongozo inayosema kitu cha kwanza kwenye seva mpya ni kuzima ukataji wa pakiti kwenye kadi. Usifanye hivyo bila kupima. Kadi za leo zinaijua kazi hiyo.

Jumbo fremu nitazipitia mbio: pakiti za baiti 9,000 badala ya 1,500, nzuri kati ya seva na hifadhi yake ndani ya chumba kimoja. Zikitoka nje ya mlango hazina maana, kwa kuwa barabara ya intaneti imejengwa kwa 1,500.

Sasa tufike kwetu.

Kuna umbali ambao hakuna kadi inayoweza kuufupisha, na pwani ya Malindi iliufahamu mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika. Kule Ngomeni, kaskazini ya mji wa Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa baharini, San Marco na Santa Rita, na kuanzia 1967 hadi 1988 setelaiti tisa zilirushwa kutoka hapo. Mashuhuri kuliko zote iliruka tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa setelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kutazama mionzi ya eksirei angani. Baada ya urushaji kwisha, kituo cha nchi kavu kiliendelea kupokea data. Setelaiti ya Italia na Uholanzi, BeppoSAX, iliyorushwa 1996, ilizunguka juu ya ikweta na kila mzunguko wa kama dakika 97 ilipita juu ya Malindi, ikamwaga ilichokiona kwa dakika chache, ikazama upeoni. Data ikapelekwa Roma kwa setelaiti nyingine ya mawasiliano. Tarehe 28 Februari 1997 iliona mlipuko wa mionzi ya gama, na saa chache baadaye ikapata mabaki yake yakiwaka kwa eksirei. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza binadamu kuyaona, na Malindi ndiko data ya BeppoSAX ilikoteremkia.

Setelaiti ya mawasiliano ya aina ile imekaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali lako likipanda na kushuka, na jibu likapanda na kushuka, umeshasafiri zaidi ya kilomita 143,000. Mwanga wenyewe unahitaji karibu nusu sekunde. Ukijumlisha vifaa vya njiani unapata kama milisekunde 600. Data inayotiririka upande mmoja tu haisumbuki na hilo, ifike sasa au nusu sekunde baadaye ni ile ile. TCP inasumbuka sana, kwa sababu TCP ni mtu wa kungoja stakabadhi. Inatuma kiasi fulani, inasimama, inangoja aliyepokea aseme "nimepata". Kiasi hicho ndicho dirisha.

Piga hesabu nami. Windows XP kwenye etheneti ya megabiti 100 ilikuja na dirisha la baiti 17,520. Gawanya kwa sekunde 0.6, zidisha kwa 8: biti 233,600 kwa sekunde. Maana yake nini? Hoteli au sibakafe ya Malindi yenye dishi na huduma ya kilobiti 512, kompyuta moja ikipakua faili moja kwa utaratibu huo haikuweza kufikia hata nusu ya kilicholipiwa, ingawa laini ilikuwa tupu. Na huduma ile haikuwa ya bei ya mchele. Muundo wa asili wa TCP wa mwaka 1981 uliweka kikomo cha dirisha kuwa baiti 65,535. Hata ukilifungua lote, kwa milisekunde 600 unapata chini ya kilobiti 900. Mwaka 1992 waraka wa RFC 1323 ulileta njia ya kulikuza dirisha zaidi ya hapo. Pia watengenezaji wa modemu za dishi waliweka ujanja wao: modemu ya huku inajibu "nimepata" kwa niaba ya wa mbali, ili mtumaji asingoje. Ndiyo sababu mafundi wa dishi wa miaka ile walikuwa na karatasi zao za namba, wakizilinda kama dawa za mganga.

Tena kungoja huko hakukuwa kwa ajili ya Ulaya tu. Kabla ya watoa huduma wa Kenya kuwa na mahali pa kukutana, barua kutoka kwa mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa nyingine iliweza kupanda setelaiti, kufika ng'ambo na kurudi, hata kama wawili hao ni Malindi na Kilifi. Kituo cha kubadilishana, KIXP, kilifunguliwa Nairobi Novemba 2000, kikafungwa Desemba hiyo hiyo kwa amri ya tume ya mawasiliano baada ya Telkom Kenya kulalamika, kikaruhusiwa tena Februari 2002. Hakuna kipengele cha kadi kinachotibu shauri la namna hiyo.

Kisha mwaka 2009 bahari ikaleta faiba. Kebo ya TEAMS kutoka Fujairah ilifika Mombasa, Rais Kibaki akaizindua mwezi Juni, na SEACOM ikawashwa tarehe 23 Julai. Safari ya kwenda Ulaya na kurudi ikashuka kutoka milisekunde 600 hadi chini ya 200. Dishi zikaanza kutu juu ya mapaa. Namba zilizotungwa kwa ajili yake hazikufa.

Mwaka jana niliitwa na ofisi moja ya Kilifi, wana laini ya faiba ya megabiti 50. Mhasibu alinipokea mlangoni: "Kaka, hii intaneti tunaibiwa." Kila usiku seva yao ilitakiwa kupeleka nakala ya akiba, gigabaiti 20 hivi, kwenye seva ya kukodi Ulaya. Asubuhi kazi ilikuwa haijaisha, na ofisi ikifunguliwa mtu anaikata ili wengine wapate kufanya kazi. Nakala kamili ya mwisho ilikuwa ya miezi kadhaa nyuma, na kumbukumbu zote za wateja zilikaa kwenye diski mbili za umri mmoja. Nikatazama kadi: gigabiti, dupleksi kamili, makosa sifuri. Kebo nzima. Nikapima safari: milisekunde 160. Nikapima spidi ya muunganisho mmoja: megabiti 3 na kitu. Namba hiyo ilinifanya nicheke, maana baiti 65,535 kwa milisekunde 160 ni megabiti 3.3.

Ndani ya faili ya sysctl.conf kulikuwa na mstari net.ipv4.tcp_window_scaling = 0, na juu yake maneno ya fundi fulani: "VSAT, usiguse", 2004. Seva ilikuwa imebadilishwa mara tatu tangu hapo, na kila mara faili ilinakiliwa kutoka ya zamani. Simlaumu aliyeandika. Mwaka 2004, Linux ilipoanza kukuza madirisha kwa nguvu zaidi, baadhi ya ruta za njiani zilikuwa zikiiharibu namba hiyo na miunganisho ikikwama, na kuzima ilikuwa dawa halali. Nikaweka 1, nikaamuru sysctl -p, nikaanzisha muunganisho mpya. Ikapanda hadi karibu 40. Kazi ya zaidi ya saa 13 ikawa ya saa moja na dakika chache. Mhasibu akauliza nimewapigia nani simu.

Kwa hiyo nikipewa seva ya pwani, utaratibu wangu ni huu: ethtool kwanza, kuona spidi na dupleksi, halafu ethtool -S kuhesabu makosa, halafu ethtool -k kuona kadi imekabidhiwa kazi gani, na mwisho sysctl.conf, nikisoma kila mstari na kuuliza uliandikwa kwa laini ipi. Mstari ambao laini yake haipo tena naufuta, mmoja mmoja, nikipima kila baada ya kufuta.

Na hesabu haijatulia. Tangu Julai 2023 Starlink inauzwa Kenya, na dishi zimerudi juu ya mapaa. Lakini hizi zinazungumza na setelaiti zilizo umbali wa kilomita 550 hivi, kwa hiyo ile nusu sekunde haipo, ni makumi ya milisekunde tu hadi duniani, kisha faiba inaendelea. Ukimwona fundi anaitoa ile karatasi ya namba za VSAT kwa sababu ameona dishi, mwambie apige ping kwanza.